Ua Mmoja, Malango Mengi

Kompyuta mbili zinapotaka kusemezana hazihitaji zaidi ya waya mmoja na itifaki moja. Zinapokuwa elfu mbili, tena zimetawanyika katika miji na nchi mbalimbali, waya hautoshi: lazima pawe na mahali ambapo njia hukutana, na kitu cha kuamua kila pakiti ishike njia ipi. Kitu hicho ni ruta. Historia ya ruta imekwisha andikwa mara nyingi kama historia ya mashine, kwa kutaja nani aliiunda, kampuni gani iliiuza, na kasi yake iliongezeka kwa kiasi gani. Lisiloandikwa sana ni jambo la mahali penyewe pa kukutania, yaani kipande cha mtandao kilicho mali ya shirika, ambacho ruta mbili, au kumi, au mia zimeunganishwa nacho pamoja, kila moja ikiwa na bwana wake na shauri lake. Mahali hapo pafanana na ua wa nyumba za jamaa wengi. Ua ni mmoja, malango ni mengi, na msafiri aliye ndani hana budi kujua atoke kwa lango gani, na akirudi arudi kwa lipi. Ua huo kwanza ulikuwa waya wa shaba, baadaye ukawa sanduku la chuma, na siku hizi aghalabu ni programu tupu. Mashaka yake yameuandama kila ulipohamia.

Mtandao wa ARPANET ulipoanza kazi nchini Marekani mwaka 1969, mashaka haya hayakuwapo. Mashine zilizopitisha pakiti ziliungwa kwa mistari ya simu iliyokodiwa, na kila mstari ulikuwa na ncha mbili, mashine moja huku na moja kule. Katika mstari wa ncha mbili hakuna wa tatu, na asiye wa tatu haulizi zamu ya nani. Vinton Cerf na Robert Kahn walipochapisha mwezi wa Mei 1974 makala yao juu ya kuunganisha mitandao ya namna mbalimbali, walifikiri habari ya malango, na neno hilohilo la lango ndilo walilolitumia. Lango lilikuwa mashine isimamayo mpakani pa mitandao miwili, yenye mguu mmoja katika kila mtandao. Katika fikira yao mtandao mmoja uliweza kuwa na malango zaidi ya moja. Lakini namna malango hayo yatakavyoishi pamoja ndani ya mtandao mmoja lilikuwa jambo la kushughulikiwa na wakati ujao.

Wakati huo haukukawia. Katika visiwa vya Hawaii, Norman Abramson na wenzake walikuwa wamekwisha anzisha mwaka 1971 mtandao wa redio uliounganisha kompyuta za chuo kikuu chao, ambamo wote walitumia hewa ileile. Aliyetaka kusema alisema, na kama wawili walisema kwa pamoja maneno yakavurugika, kila mmoja alingoja kidogo akarudia. Robert Metcalfe wa maabara ya Xerox kule Palo Alto, California, aliichukua fikira hiyo akaitia ndani ya waya. Tarehe 22 Mei 1973 aliandika waraka wa kazi uliotaja jina la Etheneti kwa mara ya kwanza, na mwaka 1976 yeye na David Boggs wakautangazia ulimwengu habari ya mtandao huo katika jarida la wanakompyuta. Jina walilitwaa kwa wanafizikia wa zamani, walioamini kwamba anga lote limejaa kitu kisichoonekana kiitwacho etha, ambacho ndani yake nuru husafiri. Wanafizikia walikuwa wamekwisha kuiacha etha yao. Wanamtandao wakaiokota wakaifanya ya shaba.

Etheneti ya mwaka 1980, iliyokubaliwa kwa pamoja na makampuni ya Xerox, Digital na Intel, ilikuwa waya mmoja mnene, wenye urefu usiozidi mita 500 kwa kipande, na uliotobolewa mahali pasipozidi 100 ili kompyuta zijishike. Kasi yake ilikuwa megabiti 10 kwa sekunde. Kila kilichosemwa juu ya waya huo kilisikiwa na wote waliojishika nao. Hiyo ndiyo maana ya kipande cha shirika, na waliopata kuishi katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi vilivyotazama ua mmoja hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa na tufikiri malango mawili yamewekwa katika ua huo. Lango la kwanza laelekea idara za chuo, lango la pili laelekea nchi za mbali. Kompyuta iliyo uani hujua lango moja tu, kwa kuwa mwenye kuitengeneza aliandika jina la lango moja tu, na haina ramani ya dunia. Itafanyaje inapotaka kupeleka pakiti kwa lango lisilo lake? Jawabu lilitolewa katika waraka nambari 792 wa mwezi wa Septemba 1981, ulioandikwa na Jon Postel. Lango la kwanza likipokea pakiti ambayo njia yake iliyo bora ni kupitia lango la pili, na kama lango hilo la pili na mwenye pakiti wako katika mtandao mmoja, basi lango la kwanza huipeleka pakiti ile, kisha humwarifu mwenyewe kwamba safari nyingine apitie kwa jirani. Mwaka uliofuata, katika waraka nambari 826, David Plummer alieleza namna kompyuta inavyoweza kujua ni kifaa gani chenye anwani fulani ya mtandao: inapiga ukelele uani, "Nani mwenye anwani hii?", na mwenyewe hujibu kwa kutaja anwani ya kifaa chake.

Ulikuwa ustaarabu wa watu waliojuana. Lango moja kumwelekeza mteja wake kwa lango la jirani bila ya wivu, na mwulizaji kumwamini wa kwanza kujibu, ni mambo yawezekanayo mahali ambapo kila mwenye mashine ajulikana kwa jina na chumba chake. Mitandao ilipokua, wajanja walitambua kwamba yeyote aliye uani aweza kujibu kwa jina lisilo lake, au kumwelekeza msafiri kwa lango la uongo na kumsoma barua zake njiani. Kwa sababu hii wasimamizi wengi wa mitandao siku hizi huamuru mashine zao zisiusikilize uelekezaji wa namna ile. Waraka wa Postel haukufutwa. Umenyimwa masikio tu. Matokeo yake ni kwamba swali la malango mawili, ambalo lilikuwa limejibiwa mwaka 1981, lilifunguliwa tena, nalo lingali wazi.

Shida ya pili ya ua ilikuwa mizunguko. Vipande viwili vya Etheneti vilipounganishwa kwa madaraja mawili, ili moja likivunjika jingine lifae, tangazo moja lilivuka kwa daraja la kwanza, likarudi kwa la pili, likavuka tena, na kuendelea hivyo pasipo mwisho, kwa kuwa fremu ya Etheneti haina hesabu ya umri kama iliyo nayo pakiti ya IP, ambayo hupungua kila irukapo ruta hata ikafa. Radia Perlman wa kampuni ya Digital alibuni mwaka 1985 kanuni ya kuyafanya madaraja yenyewe yashauriane, yafunge njia za ziada, na kubakiza umbo la mti lisilo na mzunguko. Alitunga na shairi juu ya kanuni hiyo, jambo ambalo wahandisi ni wachache waliolithubutu.

Ruta nazo zilihitaji namna ya kushauriana. Fikira nyepesi ni kwamba kila ruta iliyo uani izungumze na kila nyingine; lakini hesabu ya mazungumzo hukua upesi kuliko hesabu ya wazungumzaji. Ruta 10 zataka mapatano 45, na ruta 40 zataka 780, kila moja ikirudia kwa wote habari zilezile. Itifaki ya OSPF, ambayo John Moy aliiandika na ambayo waraka wake wa kwanza ulitoka mwaka 1989, ilitatua jambo hili kwa njia ambayo mzee yeyote wa kijiji angeitambua. Ruta zilizo katika kipande cha shirika huchagua moja iwe msemaji wa ua, na nyingine iwe makamu wake. Zilizobaki hufanya mapatano kamili na hao wawili tu, na habari za ua huandikwa kwa jina la ua wenyewe. Katika ruta zile 10, mapatano hushuka toka 45 mpaka 17. Tena msemaji hapokei mzigo wa wengine. Pakiti hupita moja kwa moja kutoka ruta hata ruta, yeye hushika habari peke yake. Tofauti hii baina ya kupitisha habari na kupitisha mzigo ni ndogo kuitazama, lakini mambo makubwa yalijengwa juu yake baadaye.

Mwaka 1998 neno lenyewe la ruta pepe liliingia katika nyaraka za mtandao, nalo liliingia kwa mlango ambao wengi wameusahau. Wateja wa uani walikuwa bado wanajua lango moja tu. Lango hilo likifa, wote walifungiwa ndani ijapokuwa jirani lilikuwapo lango zima. Kampuni ya Cisco ilieleza katika waraka wa mwezi wa Machi wa mwaka huo kanuni yake yenyewe ya kutibu jambo hilo, na mwezi wa Aprili ikatoka itifaki ya watu wote, VRRP. Dawa ilikuwa moja katika zote mbili: ruta mbili au zaidi hushika kwa shirika anwani moja. Moja hutumika, nyingine hukesha. Ya kwanza ikinyamaza, ya pili huitwaa anwani ile, na wateja hawatambui kwamba aliye langoni si yule wa jana. Ruta pepe ya kwanza, basi, ilikuwa masanduku mengi yaliyojionyesha kuwa kitu kimoja. Miaka michache baadaye neno hilohilo lilikuja kutumika kwa kinyume chake kabisa.

Kabla ya kufika huko yafaa kusimama kidogo mahali ambapo ua wa shirika ulitoka katika vyumba vya wahandisi ukaingia katika siasa za nchi. Mtandao ulipogeuka biashara, makampuni yaliyouza huduma yake yalihitaji mahali pa kubadilishana pakiti za wateja wao. Mwezi wa Januari 1989 Kirk Lougheed na Yakov Rekhter walichora juu ya karatasi za kufutia mikono mezani itifaki ya BGP, ambayo kwayo mtandao mmoja humwambia mwingine ni anwani zipi zafikika kupitia kwake. Mwezi wa Juni ikachapishwa. Katika itifaki hii ruta moja yaweza kumwambia jirani yake habari za njia, huku ikimtaja wa tatu, aliye katika kipande kilekile, kuwa ndiye wa kupelekewa mzigo. Kwa hiyo paliwezekana kuwekwa seva ya njia katika soko la pakiti, ambayo huzungumza na wote na kumpa kila mmoja habari za wenzake, wala pakiti hata moja haipiti mikononi mwake. Ni yule msemaji wa ua tena, safari hii katikati ya makampuni yanayoshindana.

London ilipata soko lake mwaka 1994, lililoanza kwa makampuni matano na swichi moja. Johannesburg ilifuata mwaka 1996. Nairobi ilifungua lake mwezi wa Novemba 2000, likiitwa KIXP, kwa juhudi ya chama cha watoa huduma za mtandao wa Kenya. Kabla ya hapo barua ya mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya Nairobi iliweza kupanda hadi setilaiti, ikashuka Marekani au Ulaya, ikapanda tena, ndipo ikashuka Nairobi, labda katika barabara ileile ilikotoka. Setilaiti za namna ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Nuru yenyewe, isiyopitwa kwa mbio na kitu chochote, huchukua karibu robo ya sekunde kwenda juu na kurudi chini mara moja. Kwenda na kurudi kwa swali na jawabu lake ni safari nne za namna hiyo, yaani karibu sekunde nzima kabla ya kuhesabu foleni za njiani. Na kila pakiti ililipiwa fedha za kigeni.

Kitu kilichowekwa Nairobi kuondoa mzunguko huo kilikuwa swichi, kipande cha shirika cha Etheneti, na ruta za makampuni zilizochomekwa humo. Walakini kampuni ya simu ya taifa, Telkom Kenya, iliyokuwa wakati huo na haki ya pekee ya kuchukua mawasiliano ya nje, ilishtaki kwamba soko hilo laivunja haki yake. Na tume ya mawasiliano ya nchi, ikaona kwamba ni mtambo wa simu usio na leseni, ikaamuru lifungwe kabla mwaka haujaisha. Watoa huduma walijitetea kwamba pale hapasafirishwi kitu nje ya nchi. Kinyume chake, soko lazuia mambo ya ndani yasisafirishwe nje. Shauri lilipelekwa mbele ya baraza la rufani. Baada ya karibu mwaka mmoja wa mabishano leseni ilipatikana, na mwezi wa Februari 2002 soko likafunguliwa tena.

Mtu aweza kuwacheka wakubwa wa tume ile, lakini swali lao halikuwa la kipumbavu. Waliuliza kitu kile ni nini. Ruta iliyo ncha ya mstari ina mwenyewe, na mstari una leseni. Lakini kipande cha shirika ni cha nani? Sheria ya simu ilijua mistari na mitambo, haikujua ua. Kosa lao lilikuwa kulijibu swali kwa manufaa ya mmoja aliyenufaika na ujinga wa wote. Dar es Salaam ilipofungua soko lake, TIX, mwaka 2004, njia ilikuwa imelimwa tayari. Na kebo za chini ya bahari zilipoanza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, SEACOM mwezi wa Julai 2009 na nyingine nyuma yake, masoko haya yalikuwapo kuzipokea.

Katika miaka ileile ya masoko, ua wenyewe ulianza kuacha kuwa kitu cha kushikika. Mwaka 1998 ulitolewa mwafaka wa kuweka alama katika kila fremu ya Etheneti, ili swichi moja iweze kubeba nyua nyingi zisizosikilizana, kana kwamba ni waya mbalimbali. Nafasi ya alama hiyo ilikuwa biti 12, zitoazo hesabu 4,096, na mbili kati ya hizo hazitumiki. Mwezi wa Machi 1999 Eric Rosen na Yakov Rekhter walieleza namna ruta moja ya kampuni ya simu inavyoweza kushika majedwali mengi ya njia, moja kwa kila mteja, hata wateja wawili waliotumia anwani zilezile wasigongane. Juniper ilikwenda hatua zaidi: ndani ya ruta yake moja iliruhusu kugawa ruta za kimantiki kadhaa, kila moja na itifaki zake na milango yake, jina ambalo baadaye ililibadili kuwa mifumo ya kimantiki. Hapo neno lilikuwa limegeuka. Mwaka 1998 masanduku mengi yalijifanya ruta moja. Sasa sanduku moja lilijifanya ruta nyingi. Na mara ruta nyingi zilipokuwamo ndani ya sanduku moja, zilihitaji ua wa kukutania humohumo, usio na waya hata mmoja.

Haja hiyo ilikua bila kipimo pale kompyuta zenyewe zilipokuwa pepe. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilifundisha ulimwengu kugawa kompyuta moja iwe kompyuta kumi au ishirini za programu. Ndani ya kila kompyuta kubwa palikuwa na swichi ya programu iliyounganisha mashine pepe zake. Swichi hiyo haikujua njia. Kwa hiyo mashine pepe mbili zilizokaa katika kompyuta moja, lakini katika nyua mbili, zilipotaka kusemezana, pakiti ilitoka nje, ikaenda hadi ruta ya chuma mwisho wa jumba, ikarudi palepale ilipotoka. Ilikuwa safari ya Nairobi kwenda Nairobi kupitia Marekani, iliyofupishwa ikatoshea ndani ya jumba moja.

Fikira ya kuliondoa jambo hilo ilitoka katika vyuo vikuu. Mwaka 2008 Nick McKeown wa Stanford na wenzake walitoa pendekezo la OpenFlow, ambalo kwalo akili ya kuamua njia hutengwa na mkono wa kupitisha pakiti: akili hukaa katika programu moja, mikono hutii. Martin Casado, McKeown na Scott Shenker walikuwa wamekwisha anzisha kampuni ya Nicira mwaka 2007. VMware ikainunua mwaka 2012 kwa dola za Marekani zipatazo bilioni 1.26, na mwaka uliofuata ikatoa mtandao wake pepe, NSX. Waraka wa VXLAN wa mwezi wa Agosti 2014 ulieleza namna ya kufunga fremu ya Etheneti ndani ya pakiti ya IP na kuipa alama ya biti 24, hata nyua zikapanda kutoka elfu nne mpaka zaidi ya milioni kumi na sita. Na ruta ya kimantiki ikatawanywa: haikukaa tena mahali pamoja, bali nakala yake iliwekwa katika kila kompyuta kubwa, ili pakiti ipate njia yake papo hapo inapozaliwa.

Hapa ndipo ua wa shirika ulipolipiza kisasi. Ili mashine pepe iweze kuhamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine isitambue mabadiliko, nakala zote za ruta iliyotawanywa hazina budi kujibu kwa anwani moja ileile ya kifaa. Ndani ya ua wenye ruta moja ya namna hii, hilo ni jambo jema. Lakini ruta mbili zilizotawanywa, zenye anwani moja ya kifaa, zikiwekwa katika ua mmoja, anayeita "nani mwenye anwani hii?" hupata majibu mawili yasiyotofautika, na swichi iliyo chini yao huona sura moja mahali pawili. Wasanifu wa NSX katika miaka ya mwanzo walishauri kila ruta iliyotawanywa ipewe kipande chake cha kupitia hadi ruta ya mpakani, wala zisichangie. Wajenzi wa OpenStack, mradi ulioanzishwa mwaka 2010 na Rackspace pamoja na shirika la anga la Marekani, NASA, walichagua njia nyingine walipotoa ruta yao iliyotawanywa mwaka 2014: pakiti inapotoka katika kompyuta kubwa huvuliwa anwani ya ruta na kuvishwa anwani ya pekee ya kompyuta ile, hata swichi za nje zisione kamwe sura moja ikitokea pande mbili. Njia ya pili ina werevu zaidi. Ya kwanza hueleweka upesi zaidi usiku wa manane, mtandao unapokuwa umelala chini.

Mashaka mengine ni ya kurudi. Malango ya zamani hayakukumbuka kitu. Kila pakiti ilikuwa mgeni mpya. Malango ya siku hizi aghalabu yana mlinzi anayeandika kila atokaye, ili amruhusu kurudi. Ua ukiwa na ruta mbili zenye walinzi wawili, na pakiti ikatokea kwa lango la kwanza huku jawabu lake likija kwa la pili, mlinzi wa pili hulikataa, kwa kuwa katika daftari yake hakuna aliyetoka. Mteja huona mambo ya ajabu: tovuti moja yafunguka, nyingine haifunguki, na kila ruta ikipimwa peke yake huonekana nzima. Ni kwa ajili hii wasanifu hulazimika ama kuwafanya walinzi wagawane daftari moja, ama kuhakikisha kwamba kwenda na kurudi ni kwa lango moja, ama kuwaondoa walinzi katika malango yaliyo sambamba.

Na lile swali la mwaka 1981, la kompyuta ijuayo lango moja uani penye mawili, limerudi vilevile. Katika OpenStack ua hupewa lango moja la kawaida. Atakaye kuongeza ruta ya pili hana budi kuiombea anwani nyingine, kisha awaeleze wenyeji wa ua ni safari zipi zipitie huko. Maelezo hayo hayaachwi tena kwa uelekezaji wa Postel. Hutolewa mapema, mashine pepe inapopewa anwani yake, kwa kanuni iliyoandikwa katika waraka nambari 3442 wa mwezi wa Desemba 2002, ambao huruhusu mgawa anwani kugawa pia orodha ya njia. Mwenyeji huingia uani akiwa na barua mkononi ya kumweleza malango yote. Malango yakibadilika, barua ile huwa ya kale mpaka apewe nyingine.

Ua mkubwa kuliko zote, hata hivyo, ni ule wa nje. Katika vituo vinavyokodisha kompyuta pepe, kila mpangaji huwa na ruta yake ya kimantiki, na ruta zote hizo huelekea mtandao mmoja wa nje, kila moja ikishika humo anwani yake. Ndilo soko la pakiti la Nairobi tena, ila wachuuzi wake waweza kuwa mamia au maelfu, na swichi yao ni jedwali la kanuni ndani ya programu. Katika OVN, mtandao pepe uliotangazwa mwaka 2015 na wajenzi wa swichi ya Open vSwitch, ukelele mmoja wa kutafuta anwani ulinakiliwa kwa kila ruta iliyo katika ua huo; ruta zilipozidi sana, kunakili kwenyewe kulifika mpaka ambao swichi ya programu imewekewa, na ukelele ukakatika kabla ya kuwafikia wote. Wajenzi wakabadili kanuni. Kwa kuwa programu ndiyo iliyogawa anwani zote, yajua ni ruta ipi mwenye anwani inayotafutwa. Kwa hiyo swali, ambalo tangu mwaka 1982 lilikuwa likipigiwa kelele kwa wote, sasa hupelekwa kimya kwa huyo mmoja, na ruta nyingine zilizo katika ua uleule hazipati habari kwamba kuna aliyeuliza.